Bartholomeo Mkude, Aliyeshuka Mlima Bila Kuuparua

Katekista wetu, wazee wa ukoo wa marehemu, wazee wa ukoo wa marehemu mkewe mliovuka bonde na mto uliojaa kuja kukaa nasi, majirani, watani wetu mlionyakua majembe ya kaburi na kuapa kwamba hamyaachii mpaka mpewe kuku, nanyi nyote mliopanda kwa miguu kutoka barabarani tangu alfajiri, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu nawasalimu.

Mimi naitwa Ester, ni mpwa wa marehemu, binti wa dada yake wa pekee, Juliana, nauza mitumba pale Msamvu, na ukoo umenichagua nisome historia hii kwa sababu mjomba aliishi kwangu miaka yake ya mwisho, na pia, nadhani, kwa sababu wenye sauti nzuri kuliko mimi wote walikataa. Nitasoma nilivyoandika, na pale nitakapokuwa mkali mtaniwia radhi, maana sikujaliwa maneno ya kupakwa mafuta.

Marehemu Bartholomeo Mkude alizaliwa tarehe 24 Agosti 1949, hapahapa Kibigili, katika nyumba iliyokuwa pale penye ile migomba, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yake, na kwa kuwa siku hiyo ni ya mtakatifu mwenye jina hilo, padri aliyembatiza hakuhangaika kutafuta jina jingine. Baba yake alifariki marehemu akiwa bado anatambaa, hivyo alilelewa na mama yake na wajomba zake, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto mpole, mbishi kimyakimya, aliyependa kuteleza mlimani juu ya gome la mgomba kama watoto wote wa huku, isipokuwa yeye kila akifika chini alirudi juu kutazama alama aliyoiacha kwenye majani.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1958, akamaliza darasa la nne mwaka 1961, na kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa chache na mama yake hakuwa na mtu wa kumsemea, hakuendelea. Mwaka 1963 alipokelewa katika karakana ya misheni kujifunza useremala, akafundishwa randa, msumeno, patasi na, juu ya yote, tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, akahitimu mwaka 1966, na tangu hapo mpaka mkono ulipomkatalia hakufanya kazi nyingine zaidi ya mbao na jembe. Milango mingi ya huku mlimani ni yake, na majeneza mengi yaliyokwisha kuoza chini ya udongo huu ni yake pia, ila hili mnaloliona hapa limenunuliwa mjini, na najua ndani ya moyo wangu kwamba angelitazama pembe zake akasonya.

Tarehe 12 Septemba 1970 marehemu alifunga ndoa takatifu na Magdalena, binti wa Lusegwa, ng'ambo ya bonde, na kama mila yetu inavyotaka akahamia kwa mkewe kulima ardhi ya ukoo wa mkewe, kwa sababu huku kwetu, kama tujuavyo sote, ardhi inapita kwa mama, na mwanamume aliyeoa ni mgeni hata akikaa miaka arobaini, anapewa pa kulima, anapewa pa kujenga, lakini mlima si wake. Mjomba alilishika hilo kuliko waoaji wote niliowahi kuwaona. Alikuwa akiomba ruhusa hata ya kukata fito, na mama mkwe wake alimtania kwamba siku moja ataomba ruhusa ya kupiga chafya.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, Josephina aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1972, ambaye yuko hapa pamoja nasi kutoka Dumila, Rogers aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1975, na mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1979 akachukuliwa na surua kabla hajaota meno. Kuhusu Rogers nitasema mahali pake.

Sasa nafika kwenye kazi ambayo jina la marehemu limesifiwa kwayo na kulaaniwa kwayo, na naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo sababu hasa nimekubali kusimama hapa. Vijana wengi mlioko hapa mmesikia neno “kukata” mkiambiwa kwamba ndilo lililouangusha mlima wa Lusegwa, na wengine mmekuja mazikoni mkiamini kwamba tunamzika mtu aliyemuua mke wake mwenyewe. Marehemu hakuwahi kujitetea, hivyo nitamsemea mimi.

Biashara ilipofunguliwa, kuanzia mwaka 1986, wachuuzi kutoka Dar es Salaam walianza kupandisha malori mpaka mwisho wa barabara, kila mtu akawa anauza kwa amtakaye, na lori likijaa linaondoka, halimsubiri mtu aliye nusu ya mlima na tenga la kabichi kichwani. Wanawake walikuwa wakishuka na kukuta vumbi tu, kabichi zinaozea barabarani. Basi watu wa Lusegwa wakaanza kuteremsha matenga juu ya mbao, ubao mmoja mrefu kama kitanda, pua yake imekunjwa kwenda juu, tenga limefungwa katikati, na mtu amesimama nyuma yake ameshika vipini viwili, wanashuka nao juu ya majani yaliyolowa umande. Kunyooka kulikuwa rahisi, shida ilikuwa kona. Ili kugeuza, mtu alikuwa anaulalisha ubao ubavu na kuusukuma kwa visigino uende upandeupande, nao ulikuwa ukiburuza, unang'oa majani pamoja na mizizi, na kila kona ikabaki jeraha jekundu.

Mvua za masika za mwaka 1987 zilipokuja, yale majeraha yakageuka makorongo, na korongo moja likalimeza shamba la maharage la mama mkwe wa marehemu. Mzee Maneno, mjomba wa Magdalena na mkubwa wa ukoo ule, Mungu amrehemu, akawaita waoaji wote barazani kwake na kuwaambia kwamba mlima ule ni mgongo wa mama zao, kwamba wamekaribishwa kula juu yake, hawakukaribishwa kuuchuna ngozi, na kwamba mvua za vuli zikianza ubao utakaoonekana mlimani utakuwa kuni. Wengine waliondoka wakinung'unika. Mjomba alirudi nyumbani, hakula, na mkaza mjomba Magdalena alikuwa akisimulia kwamba mumewe alikaa mlangoni akiutazama ule mlima kama mtu aliyetukanwa na akakubali kuwa tusi ni la kweli.

Ufundi wenyewe ulianzia kwenye kamba. Kamba ya kufungia tenga ilikuwa ikiteleza kuelekea puani, mzigo unapinduka, kwa hiyo mjomba akaubana ubao wake kwa kuukata kidogo pembeni, katikati, ili kamba ikae. Pembe za ule mkato zikawa zinanasa majani, akazilainisha kwa tezo, bado zikanasa, akazidi kuzivuta huku na huku, mpaka ubao mzima ukawa na kiuno, mpana puani, mwembamba katikati, mpana tena mkiani. Na kwa kuwa aliuchonga kutoka mtalawanda, mti unaokunjika bila kuvunjika, alipousimamia na kuegemeza nyonga upande mmoja, ubao ulisimama kwa ukingo wake, ukapinda chini ya uzito wake kama upinde, na badala ya kuburuza ukaufuata ule mpindo wake wenyewe na kugeuka. Hakuugeuza yeye, uligeuka wenyewe, yeye aliegemea tu. Nilikuwa msichana wa shule, nilikuja likizo, nami niliona.

Tarehe 3 Desemba 1987, mvua imenyesha usiku kucha, marehemu alishuka mlima wa Lusegwa na tenga la njegere mbele ya ukoo mzima wa mkewe, akaenda kulia, akaenda kushoto, akaenda kulia tena, hadi chini, bila haraka, na Mzee Maneno akaifuata njia yake kwa miguu, mzee yule mwenye magoti mabovu, akainama penye kona, akatia kidole. Kulikuwa na mstari mmoja, mwembamba, kama alama ya kisu kwenye ugali, na majani ya pande zote mbili yalikuwa yamesimama. Mzee akasema, na walioyasikia maneno hayo wako hapa na wanajijua, “Huyu mkwe wetu hajaburuza. Huyu amekata.” Hapo ndipo lilipozaliwa neno hilo, na lilizaliwa likiwa sifa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema, nayo naitaja kwa sababu ilikuwepo, ingawa leo inaonekana kama tuliiota. Marehemu alichonga mbao, moja kwa mwezi, wakati mwingine moja kwa miezi miwili, kwa sababu kila mti aliuomba na kila ubao aliujaribu mwenyewe, akawafundisha vijana kuegemea kutoka nyonga na si kutoka mabega, akawaambia kwamba anayetaka kugeuka kwa nguvu ndiye anayeburuza. Rogers alijifunza kabla ya kubalehe na akawa bora kuliko baba yake. Makorongo yaliota majani. Mabibi wa Lusegwa walifika barabarani kabla ya lori kujaa, na waliporudi walikuwa na sukari, na Magdalena alivaa kitenge kipya Noeli mbili mfululizo, jambo ambalo alihakikisha kila mtu ameliona.

Mzee Maneno alifariki mwaka 1993, na baada yake hapakuwa na mtu Lusegwa wa kusema hapana. Nawaomba radhi wazee wa upande ule, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ile ruksa ya biashara ilikuwa imetuingia wote kichwani, kila mtu mkubwa wa nafsi yake. Malori yakawa mengi, wachuuzi wakawa na haraka zaidi, na mwaka 1994 mmoja wao, ambaye simtaji kwa sababu hayupo kujibu, akauchukua ubao mmoja wa mjomba, akaupeleka mjini, akarudi na mbao zimejaa lori, zimechongwa kwa mashine, zote zina kiuno, zimepakwa rangi ya bluu, akamgawia kila kijana aliyetaka. Zilikuwa za mti wa msindano, na zilikuwa nene, ili zisivunjike na mzigo mara mbili. Mjomba aliupiga mmoja kwa kifundo cha kidole, akausimamia, akashuka, akasema kwamba kiuno kisichopinda ni pambo tu, na ubao usiopinda haukati, unaparua.

Hakuna aliyemsikiliza, na mimi siwezi kudanganya mbele ya maiti nikasema walikuwepo. Alikwenda nyumba kwa nyumba, mtu mpole yule, aliyeomba ruhusa ya kukata fito, akiwasihi watu wa ukoo wa mkewe waukinge mlima wao wenyewe, nao wakamwambia kwamba yeye ni mwoaji, na mwoaji hana usemi juu ya ardhi. Ile adabu aliyokuwa ameishika maisha yake yote ndiyo waliyomfungia mdomo nayo, naye akakubali, kwa sababu ndivyo alivyoamini. Hata Rogers alichukua ubao wa bluu. Alimwambia baba yake kwamba mbao zake ni nzuri lakini zinachelewa, na lori halijui uzuri. Watu wakaendelea kusema “tunakata, tunakata”, huku wanaburuza kuliko wakati wowote, na makorongo yakafunguka upya, mapana, mekundu, kuanzia juu mpaka penye nyumba.

Tarehe 18 Januari 1998, siku ya Jumapili, katika mvua zile ambazo hatukuwa tumeziona mfano wake, mlima wa Lusegwa uliachia. Marehemu alikuwa misani, Rogers alikuwa barabarani anapakia, na mkaza mjomba Magdalena alibaki nyumbani kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua. Waliotoka kanisani walisikia sauti, wakadhani ni lori. Tulichimba, Lusegwa na Kibigili pamoja, tukapata mlango aliouchonga mjomba, mzima, na bawaba zake, Magdalena hatukumpata mpaka leo, na ndiyo maana ng'ambo ile hakuna kaburi la kumlaza mjomba kando yake, hata kama mila ingekubali.

Rogers aliondoka wiki ileile, bila kuaga, na tangu hapo hatujui aliko, mimi nimeuliza stendi ya Msamvu kila dereva ninayemfahamu, nimefika Kingolwira kuuliza kama yuko kifungoni, na Josephina amemtafuta kila lori linaloegesha Dumila. Kama kuna mtu hapa amemwona, asisubiri nimalize kusoma, aseme. Basi, ndugu zangu, naendelea.

Baada ya kuondoa tanga, marehemu aliambiwa arudi kwao. Mila inaruhusu, mke akifa mume hurudi kwa mama yake, lakini hakuambiwa kama mila inavyotaka, aliambiwa kwamba mbao zake ndizo zilizochimba kaburi, na vijana waliokuwa wameshika mbao za bluu siku zilizotangulia ndio waliozichoma zile za mtalawanda, zote, mbele yake. Alikuja kwangu Msamvu na tezo lake ndani ya mfuko wa sandarusi. Nikamwuliza kwa nini hakusema neno, akanijibu, “Mwanangu, mgeni akishaangukiwa na nyumba ya mwenyeji, atamwambia nini mwenyeji?”

Pale Msamvu alitengeneza viti vya migahawa na vitanda. Mwanzoni mwa mwaka 2000 tulikuwa tunakunywa chai mgahawani, kukawa na televisheni, wakaonyeshwa Wazungu wanateleza juu ya milima myeupe, na mtangazaji akaeleza kwamba huko zamani watu walikuwa wakigeuka kwa kuburuza visigino, theluji inaruka, mpaka miaka ya karibuni mafundi wao walipozibana mbao katikati zikawa na kiuno, na sasa zinakata kona kwa ukingo, na kwamba kila nchi inadai ufundi huo ulianzia kwake. Mimi nilisimama nikapiga kelele kwamba huyu hapa, huyu mzee hapa, na mgahawa mzima ukacheka, mhudumu akasema labda ni yeye aliyeanzisha na ndege. Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Alitazama mpaka mwisho, nyonga yake inakwenda kulia na kushoto juu ya kiti chake mwenyewe, bila kujua, na picha zilipokwisha akasema, “Wanakata vizuri. Lakini theluji yao hurudi kila mwaka, hata wakiiparua. Udongo wetu haurudi.” Akamaliza chai yake, na kuanzia siku ile sikumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Mwezi Novemba 2001 marehemu alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa, na mtu aliyewahi kuegemea kulia na kushoto kama apendavyo akabaki na kushoto peke yake. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, tukamsugua mafuta, tukamfanyisha mazoezi, Josephina akamletea dawa za mizizi, hakuna kilichorudi. Tarehe 9 Aprili 2002, saa nne asubuhi, alipatwa na kiharusi cha pili, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ameacha mtoto mmoja tunayemjua aliko, wajukuu watatu, dada mmoja na tezo. Tezo hilo, kwa mila, ni langu na ndugu zangu, wapwa zake, tumelirithi jana jioni mbele ya wazee, ila mtalawanda huku mlimani umekwisha, na mtu wa kutufundisha yuko ndani ya sanduku hili.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa vifaa walivyokuwa navyo, nawashukuru majirani zangu wa Msamvu ambao hawakuchoka kumgeuza kitandani nilipokuwa sokoni, maseremala wenzake waliochanga usafiri, dereva aliyetufikisha mwisho wa barabara, na Katekista. Wazee wa Lusegwa nawashukuru kwa kuja. Sikuwaiteni mje msutwe. Ninaomba jambo moja tu kwenu, mkirudi kule, mtoto akiwauliza mlima uliangushwa na nini, msimwambie ni kukata, mwambieni ni kuburuza.

Kaburi, kama mnavyoona, liko kule chini kwa mama yake na wajomba zake, na mteremko umelowa. Ungekuwa mwaka themanini na nane angeshuka mwenyewe, tukabaki tunatazama mstari wake. Leo nimeangalia, nimeuliza, na katika umati huu wote hakuna mtu hata mmoja anayejua kumshusha kama alivyoshuka yeye, kwa hiyo atashuka kama kabichi zilivyoshuka zamani, amebebwa na watu. Nimesikia vijana wawili pale nyuma wakisema kwamba sanduku ni zito, majani yanateleza, tulivute tu kwa kamba mpaka chini. Hapana. Alipokuwa bado anaweza kusema, aliniomba neno moja, “Msiniburuze.” Wabebaji, vueni viatu, shikeni udongo kwa vidole vya miguu, egemeeni upande wa mlima, nendeni polepole, giza liko mbali.

Mjomba Bartholomeo, tunakupeleka kwa mama yako, ardhi hii ni yako bila kuomba ruhusa. Pumzika kwa amani, na udongo tutakaokufunika nao leo, ukae.